Doreen na Wanyama wa Mkurugenzi

Siku Rupert Lanyon alipoletwa kuwa mkurugenzi wa kampuni ya chakula cha mifugo ya Aldersyke, kule Yorkshire, alisimama mbele ya wafanyakazi kumi na wanne, akasugua viganja vyake, akawatangazia kwamba ndani ya chumba kile mlikuwa na tembo.

Hakuna aliyeshtuka. Waingereza ndivyo wasemavyo panapokuwa na jambo zito ambalo kila mtu analiona na hakuna anayethubutu kulitaja. Lakini mtu akishamtaja tembo, hungoja ataje na jambo lenyewe. Rupert hakulitaja. Alimwacha tembo wake amesimama baina ya mashine ya fotokopi na birika la umeme, akahamia kwenye farasi.

Doreen Scaife, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na dirisha, alianza kuhesabu kwa vidole chini ya meza. Katika dakika ishirini za misemo walipita farasi watatu, mmoja wao akiwa maiti na bado anachapwa viboko, yaani jambo lililokwisha linalorudiwa bure, bata kadhaa waliotakiwa kupangwa mstari, paka aliyetolewa ndani ya mfuko na hakuna aliyejua aliingiaje, na mwishoni kabisa fahali ambaye mkurugenzi mpya aliapa kumshika pembe, yaani kulikabili tatizo uso kwa uso.

Doreen alikuwa binti wa mfugaji. Alipokuwa na miaka tisa alimwona fahali akimvunja baba yake mbavu nne ukutani, na katika watu wote waliokuja mbio siku ile hakuna aliyefikiria kushika pembe. Walishika milango ya zizi. Kwa hiyo aliposikia maneno yale alimtazama Rupert kwa jicho la huruma, jinsi unavyomtazama mtu aliyevaa shati ndani nje na hajaambiwa.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, mjane, na kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kupokea simu za wafugaji wa mabondeni wanaoagiza chakula cha mifugo. Ukidhani ni kazi ya kuandika namba tu, umepotea. Doreen alijua kondoo wa nani huzaa mapema, nani amekimbiwa na mkewe, na nani lazima umuulize habari za goti lake kwanza ndipo akwambie anataka tani ngapi. Wote walimwita mpenzi. Usimfikirie vibaya, kule kila mtu ni mpenzi, hata askari anayekuandikia kosa la barabarani.

Rupert yeye alitoka London. Alikuwa na miaka thelathini na sita, meno mazuri, na koti la shamba ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka. Hakuwa mtu mbaya. Aliwasalimu watu kwa majina, alikumbuka siku zao za kuzaliwa, na aliwaletea keki. Tatizo lake lilikuwa moja: hakuweza kumaliza sentensi bila mnyama kuingia ndani yake. Na kadiri jambo lilivyokuwa gumu, ndivyo wanyama walivyoongezeka.

Wiki ya pili, mfugaji mmoja, Wilf Metcalfe, alipiga simu kulalamika kwamba chakula alicholetewa kimesagika chote kimekuwa unga. Rupert, kwa kutaka kuonyesha mfano, alimwomba Doreen ampishe akachukua simu mwenyewe.

"Wilf, nimekusikia," alisema kwa sauti ya asali. "Shikilia farasi wako kidogo. Huku tunapanga bata wetu mstari."

Kwao ni kumwomba mtu asubiri mambo yawekwe sawa. Wilf hakuwa mgeni wa lugha yake, ila alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira husikia maneno kama yalivyo.

"Mimi sina bata," alisema. "Nina ng'ombe mia na ishirini, na wanakula vumbi. Nipe Doreen."

Rupert alirudisha simu huku akitabasamu, akasema Wilf ni farasi mweusi. Kwao maana yake ni mtu ambaye uwezo wake umejificha. Doreen alimuuliza Wilf habari za mkewe, akampangia lori jingine kwa Alhamisi, na jambo likaisha kwa dakika nne.

Mwishoni mwa Machi, mwezi uleule aliofika Rupert, mwandishi wa vikao aliacha kazi. Alisema anahitaji muda wa kupumzika, na hakuna aliyemuuliza anapumzika kutokana na nini. Rupert alimwomba Doreen ashike nafasi ile kwa muda.

"Niandike namna gani?" Doreen aliuliza.

"Kama ninavyosema, Doreen. Neno kwa neno. Usinipunguzie hata kidogo. Mimi ni mtu wa uwazi."

Amri ni amri. Doreen aliandika neno kwa neno. Kumbukumbu za kikao cha Aprili zilisomeka hivi:

"Mkurugenzi aliripoti kwamba kuna tembo chumbani. Mwandishi alitazama, hakumwona. Keith wa ghala aliulizwa, naye hakumwona.

"Mkurugenzi alimchapa farasi aliyekufa kwa dakika kumi na moja. Farasi hakuamka.

"Priya wa hesabu aliomba birika jipya kwa kuwa la sasa linapiga shoti. Mkurugenzi alijibu kwamba nguruwe wataanza kuruka kabla hilo halijafanyika. Ombi limeahirishwa hadi nguruwe watakapokuwa tayari.

"Mkurugenzi aliahidi kumshika fahali pembe. Hakutaja fahali yupi, wala mwenye fahali."

Aliandika vile kwa kisasi kidogo tu, cha mtu aliyechoka, akitarajia kwamba Rupert atasoma, atawaka, na kazi ile atapewa mwingine. Lakini Rupert hakusoma. Watu wanaopenda kusema aghalabu hawana hamu ya kusoma walichosema. Alitia sahihi chini, akasema Doreen ni magoti ya nyuki, ambayo kwao ni sifa kubwa sana, wala usiniulize nyuki ana magoti gani.

Kwa desturi ya kampuni, nakala moja ilipelekwa kwa mwenye mali, Bi Winifred Garth. Huyu alikuwa bibi wa miaka themanini na mitatu aliyekaa kwenye nyumba ya mawe juu ya kilima, na alisoma kila kitu kilichofika nyumbani kwake, pamoja na maandishi ya nyuma ya makopo ya dawa ya viroboto. Alipofika kwenye farasi ambaye hakuamka, muuguzi wake alikuja mbio akidhani amepaliwa.

Kesho yake simu ya Doreen ililia.

"Ni wewe unayeandika kumbukumbu?"

"Ni mimi, Bi Garth."

"Unatia chumvi?"

"Hapana, Bi Garth. Anakuja nayo mwenyewe."

"Endelea," yule bibi alisema, akakata simu.

Basi Doreen aliendelea, Mei na Juni. Mzaha ulianza kumnogea, na hapo ndipo alipokosea, kama alivyokuja kukiri baadaye. Katika kikao cha Juni Rupert alitaja tembo mara saba, na Doreen, kwa kufurahia kumhesabu, hakujiuliza kwa nini tembo anazidi kunenepa. Keith alijiuliza. Walipokuwa wakinywa chai alimwambia, "Doreen, mwenzangu, huyu bwana ana jambo tumboni. Mtu hazunguki namna hii bure."

"Anazunguka kwa sababu hajui njia," Doreen alisema, akacheka.

Wiki hiyohiyo Rupert alipata barua kutoka kilimani. Bi Garth alimwandikia kwamba amesoma kwenye kumbukumbu jinsi mkurugenzi wake anavyotamani kumshika fahali pembe, na kwamba bahati nzuri maonyesho ya mifugo ni Jumamosi ya pili ya Julai. Kampuni ndiyo iliyokuwa ikidhamini shindano la mafahali. Ameshazungumza na Wilf Metcalfe, na Wilf amekubali kumwazima fahali wake atembee naye mbele ya watu.

Mtu mwingine angeshtuka. Rupert aliona ni heshima, akaita mpiga picha.

Doreen alimfuata ofisini. Dhihaka ilikuwa yake, lakini fahali hakuwa wa dhihaka, na Doreen hakuwa amelala vizuri usiku uliopita.

"Vaa buti zenye chuma mbele," alimwambia. "Na usisimame karibu na miguu yake."

"Doreen, Doreen," Rupert alisema, "usiwe kuku."

Kuku kwao ni mwoga. Doreen aliondoka akiwa na kuku wake.

Siku ya maonyesho mvua ilikuwa ya kawaida ya Julai, yaani ilinyesha asubuhi, ikapumzika, ikarudi. Watu walijaa na miavuli, mbwa na pai za nyama ya nguruwe. Rupert alikuja na koti lake na viatu vya ngozi nyembamba vya rangi ya kahawia, kwa sababu mpiga picha alimwambia buti zinamfupisha. Wilf alimleta fahali. Aliitwa Gerald. Alikuwa mweusi tii, ana uzito wa zaidi ya tani moja, mpole kama kochi, na kichwa chake kilikuwa laini kama kiganja.

Rupert alimzunguka mara moja.

"Pembe zake ziko wapi?"

"Hana," alisema Wilf. "Uzao huu hauoti pembe."

"Sasa nitamshika wapi?"

"Utashika kamba. Utatembea. Utanyamaza."

Mambo mawili ya kwanza Rupert aliyaweza. Walizunguka uwanja nusu, yeye mbele kidogo, Gerald nyuma akitembea kama anayeenda kanisani. Walipofika mbele ya jukwaa alipoketi Bi Garth na blanketi lake magotini, mpiga picha aliomba wasimame. Rupert alisimama, akamsogelea fahali begani ili picha ikae vizuri, akaanza kuwahutubia watu kuhusu ujasiri. Gerald alihamisha mguu wake wa mbele wa kushoto, akauweka juu ya kiatu cha kahawia.

Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa anatafuta mahali pakavu.

Hotuba ilikatika. Rupert hakupiga kelele. Uso wake ulibadilika rangi, ukawa kama maziwa yaliyoharibika. Alimsukuma Gerald kifuani. Gerald alidhani anabembelezwa, akaegemea. Watu walianza kucheka kwa sababu kutoka jukwaani ilionekana kama wanakumbatiana. Wilf alikuwa upande wa pili wa uwanja amechukua chai, na chai ikamwagika alipoanza kukimbia, lakini naye alikuwa na miaka sabini.

Doreen ndiye aliyeruka uzio. Mara ya mwisho kuruka uzio alikuwa na miaka thelathini, na sketi yake ilijua hivyo, ikachanika. Hakugusa mguu wa fahali, maana mguu ukiuvuta ndipo mnyama anapoukaza. Alimsukuma begani kwa nyonga yake, akamrudisha kichwa kwa kamba, huku akimwambia maneno ambayo baba yake alikuwa akiwaambia ng'ombe. Gerald alihamishia uzito upande wa pili na kuinua mguu taratibu, kama mtu aliyeombwa ampishe mwenzake kwenye benchi.

Katika hema la huduma ya kwanza, Rupert alilazwa kwenye kitanda cha turubai. Mhudumu alikata kiatu kwa mkasi, akautazama mguu, akasema mifupa miwili imevunjika au mitatu, akaenda kuita gari. Walibaki wawili. Doreen alikaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika pamoja sehemu iliyochanika ya sketi yake. Aliona haya.

"Ni makosa yangu," alisema. "Kumbukumbu zile niliandika kwa makusudi."

"Kumbukumbu zipi?"

Doreen alimweleza yote, tangu tembo hadi nguruwe. Alitegemea hasira. Rupert alisikiliza hadi mwisho, akatazama dari la hema ambalo mvua ilikuwa ikilipiga, akasema, "Doreen, kwa habari ya yule tembo."

"Ndiyo."

"Ni kwamba upepo wa farasi, hapana. Yaani meli na panya, unajua panya wanapo—"

"Bwana Lanyon," alisema Doreen. "Jaribu bila mnyama."

Doreen aliona jinsi anavyohangaika, kama mtu anayetafuta ngazi kwa mguu gizani. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa na asali hata tone, "Niliajiriwa kupunguza watu watatu. Wewe, Keith na Priya. Mwisho wa Septemba. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Doreen hakulia wala hakuzimia. Alihisi tu kwamba kiti alichokalia ni kigumu sana. Miezi minne alikuwa akihesabu wanyama na kuwacheka, na muda wote ule jina lake ndilo lililokuwa likitembea uwanjani.

"Asante kwa kusema," alisema.

"Unanishukuru?"

"Sikushukuru kwa habari. Nakushukuru kwa Kiingereza kilichonyooka."

Jumatatu kulikuwa na kikao. Rupert alikuja na magongo, mguu umefungwa plasta ngumu hadi gotini, na aliwaambia wote kwa sentensi tatu. Priya alitoka nje. Keith alisema tu, "Nilijua ana jambo tumboni," akaendelea kula biskuti. Doreen aliandika kumbukumbu fupi kuliko zote: "Mkurugenzi alisema Doreen Scaife, Keith Oldroyd na Priya Nair wataachishwa kazi tarehe thelathini Septemba. Sababu haikutajwa." Safari hii Rupert alizisoma kabla ya kutia sahihi. Alisimamisha kalamu kwenye sentensi ya mwisho, akafikiri, akaiacha ilivyo.

Siku mbili baadaye gari kuukuu la Bi Garth liliegeshwa mlangoni, likichukua nafasi ya magari mawili. Aliingia na fimbo yake na muuguzi wake, akaketi kwenye kiti cha Rupert bila kuombwa.

"Nani aliyekuajiri upunguze watu?"

"Bodi, Bi Garth. Mpwa wako."

"Mpwa wangu," alisema yule bibi, kana kwamba anatema mbegu. "Na sababu?"

"Ni kwamba mkia ndio unaomtikisa mbwa, Bi Garth, kwa hiyo—"

"Nina miaka themanini na mitatu. Sina muda wa mbwa."

Doreen, aliyekuwa mlangoni na daftari lake, alijikuta anamwombea Rupert kimoyomoyo, na jambo hilo lilimshangaza.

"Oda zinaweza kupokelewa na kompyuta," Rupert alisema. "Mfugaji anabonyeza mwenyewe. Ni rahisi na haikosei. Kazi ya watu watatu inaisha."

"Hiyo ni sababu," alisema Bi Garth. "Sababu nzuri hata. Mbona hukuisema Machi ulipofika, tukabishana kama watu?"

Rupert alitazama plasta yake, na kwa mara ya kwanza hakuazima jibu la kiumbe mwingine.

Bi Garth alihamisha kiti hadi pembeni ya meza ya Doreen, akakaa pale saa nzima akisikiliza simu. Alimsikia Doreen akimwambia mfugaji mmoja asiagize chakula kingi kwa kuwa majani yake bado yanatosha. Alimsikia akigundua, kutokana na namna mama mmoja alivyopumua, kwamba kuna jambo, akamuuliza hadi akaambiwa mumewe amepelekwa hospitali na hakuna wa kulisha ndama, akampigia jirani wa mama yule. Alimsikia pia akibishana na Wilf kuhusu kiatu cha kahawia, ambacho Wilf alikiokota hemani na kukitundika zizini.

Uamuzi wa Bi Garth haukuwa wa hadithi za watoto. Kompyuta ilinunuliwa, maana bibi yule hakuwa mjinga. Priya alibaki kuiendesha. Doreen alibaki kwenye simu, ila kwa siku nne badala ya tano, na hakufurahishwa na hilo, akalisema. Keith, aliyekuwa ameshaanza kuipenda habari ya kuondoka, aliomba aondoke kama ilivyopangwa, akahamia kwa dada yake aliyekaa mji wa Whitby, na inasemekana hajagusa gunia tangu siku hiyo. Mpwa aliendelea kuwa kwenye bodi, kwa sababu mpwa haachishwi.

Rupert naye alidumu hadi Oktoba. Alipata kazi kubwa zaidi mjini, yenye ofisi yenye kioo pande tatu: kuwafundisha wakurugenzi namna ya kuzungumza na wafanyakazi wao kwa uwazi. Ukitaka kucheka, cheka. Doreen alicheka hadi akakaa chini.

Siku ya kuondoka bado alikuwa akichechemea, kwa hiyo Doreen alimbebea sanduku hadi kwenye gari. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ambayo Waingereza husema inashusha paka na mbwa. Alisubiri aseme hivyo. Rupert alitazama juu, akafuta maji usoni.

"Mvua kubwa," alisema.

"Kubwa," alisema Doreen. "Endesha polepole kwenye daraja, maji yamepanda."

Walishikana mikono. Gari lilipokata kona Doreen alikuwa ameshageuka, kwa sababu dirisha la ofisi lilikuwa wazi na Priya alikuwa anamwita: kuna mtu kwenye simu, hataki kubonyeza chochote, na anasema kondoo wake wameanza kuchechemea wote kwa pamoja.